Sindano ya Pili

Nerima alikuwa amekwisha panga slaidi nane za kioo juu ya kitambaa na alikuwa anafuta ya tisa, Daktari Wanjugu alipomwambia kutoka upande wa pili wa pazia kwamba sindano imeshafika kwenye mfupa, asogee. Kazi hii haimngoji mtu. Uboho ukishatoka ndani ya nyonga huganda upesi, na mtu wa maabara hana budi kusimama pale pale kando ya kitanda, apokee tone na kulitandaza juu ya kioo kabla mgonjwa hajamaliza kugumia. Miaka sita alikuwa akiifanya. Hakuwa na desturi ya kutazama nyuso za wagonjwa wakati huo. Alitazama sindano, kisha mikono yake mwenyewe.

Leo aliitwa ghafla, hata fomu hakuwahi kuisoma. Alisukuma pazia akaingia. Mgonjwa alikuwa mwanamume, amelala ubavu, magoti ameyakunja, uso ameuelekeza ukutani. Shuka la kijani lilimfunika kote isipokuwa kipande cha mgongo na nyonga kilichopakwa dawa ya kahawia. Upande wa ukutani aliketi msichana aliyevaa sweta zito la sufu. Alikuwa ameuchukua mkono wa mgonjwa katikati ya viganja vyake viwili, anausugua taratibu kama mtu anayempasha mtoto joto.

Ndipo Nerima akaliona kovu.

Lilikuwa juu kidogo ya nyonga, refu kama kidole, limepinda mwishoni. Mvuke wa kisima cha kuzalisha umeme kule Olkaria ulimchoma mtu pale mwaka juzi, na aliyembadilishia bandeji kila jioni kwa wiki tatu, kwa mikono hii hii, alikuwa yeye Nerima.

"Sasa navuta," daktari alimwambia mgonjwa. "Hapa ndipo patauma, ganzi haifiki huko ndani. Hesabu mpaka tano."

"Moja," mgonjwa alisema. Sauti ilikuwa ile ile iliyomwambia jana jioni kwa simu kwamba yuko Olkaria, amepewa zamu mbili mfululizo, asimngoje wiki hii. "Mbili."

Msichana akainama na kumnong'oneza neno kwa Kikalenjin. Mgonjwa akaacha kuhesabu, akashusha pumzi ndefu, na vidole vyake vikafunga juu ya vile vya msichana.

Daktari alimpa Nerima bomba la sindano. Nerima akadondosha tone juu ya kioo, akakiinamisha ili damu iteremke. Katika uboho mzuri hubaki chembe ndogo ndogo zinazong'aa, kama mafuta kwenye mchuzi uliopoa. Zikiwepo, kazi imefaulu. Zikikosekana, kilichopatikana ni damu tu, na daktari huvuta tena. Nerima alitazama kioo. Angeweza kuapa kwamba alitazama kioo. Lakini macho yale yale yaliona pia kucha za yule msichana, zimepakwa rangi ya zambarau, zikipanda na kushuka juu ya mkono wa Kiprugut, mpenzi wake.

"Hakuna chembe," alisema. "Rudia, daktari."

Bega la mgonjwa lilishtuka. Alitaka kugeuza kichwa, daktari akamwambia asisogee hata kidogo. Mara hii hakuhesabu. Kilichomtoka kilikuwa sauti ya chini ambayo Nerima hakuwahi kuisikia kwake, hata siku zile za bandeji, na yule msichana akainua macho.

"Daktari, si ungeangalia vizuri kwanza?" msichana alimwambia Nerima, akimdhania daktari.

Chembe zilikuwepo sasa, tele. Nerima alitandaza slaidi sita moja baada ya nyingine na mikono yake haikutetemeka. Baadaye, kutotetemeka kule ndiko kulikomtisha. Daktari akatoa pia kipande cha mfupa, chembamba kama njiti ya kiberiti iliyovunjika, akakitia kwenye kichupa chenye dawa. Nerima akabeba sinia lake akatoka. Hakumwita mgonjwa kwa jina, naye mgonjwa hakumwita.

*

Maabarani alisoma fomu. Kiprugut, miaka thelathini na minne. Damu imepungua aina zote tatu: ile ya kubeba hewa, ile ya kupigana na magonjwa, na ile ya kuziba vidonda. Anachoka, anatokwa na damu puani, ana michubuko bila kuumia. Kiini hakijulikani. Kwa mwandiko wake wa haraka daktari alikuwa ameorodhesha yanayowezekana, kuanzia ukosefu wa vitamini, ambao hutibika kwa sindano za kawaida, hadi saratani ya damu. Uboho ndio ungesema. Ilianza lini? Miezi miwili iliyopita.

Miezi miwili. Nerima aliketi. Aliukumbuka mchubuko mweusi juu ya kiwiko, Ijumaa moja jikoni kwake. Alimuuliza ni nini, Kiprugut akasema bomba lilimgonga kazini, na yeye, mtu anayeshinda akitazama damu za watu, akaamini bomba.

Chini kabisa fomu iliuliza jamaa wa karibu. Kwa mwandiko wa mviringo ambao haukuwa wa Kiprugut paliandikwa: Cheptanui. Uhusiano: mchumba.

Alisoma neno lile mara mbili, kisha akaigeuza fomu ikatazama chini.

Sasa alimkumbuka yule msichana. Agosti iliyopita Kiprugut alimpeleka Nerima kwao Olenguruone kumwona mama. Mama Jeruto alimpokea vizuri, akampa maziwa lala yaliyoganda, akamuuliza baba yake ana ng'ombe wangapi. Nerima akasema babu yake alitoka Bungoma kuja Nakuru kufanya kazi ya reli, baba akazaliwa kwenye nyumba za reli, na hata kuku waliyekuwa naye pale alikuwa wa jirani. Mama alicheka kwa adabu. Lakini jioni, nyuma ya nyumba, Nerima alimsikia akimwambia mwanawe kwa Kiswahili, wala si kwa lugha yao, ili asikike vizuri, kwamba msichana ni mwema, ila moto wa nyumba hii unataka mtu anayejua kupuliza kuni mbichi. Siku hiyo jirani mmoja alikuja kuomba chumvi akakaa mpaka giza. Alikuwa Cheptanui.

Lililomchoma zaidi lilikuwa siku yenyewe. Leo ilikuwa Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ya Nerima ya kupumzika nyumbani. Mwaka mzima ratiba yake ilikuwa hivyo. Leo alikuja kwa sababu tu mwenzake Sitati aliitwa shuleni kwa binti yake, wakabadilishana zamu. Kiprugut aliijua Jumanne ile kama anavyojua jina lake. Mtu asiyekujua hawezi kukukwepa vizuri namna hii.

Kioo cha dirisha la maabara kiligongwa. Cheptanui alikuwa amesimama nje, thamosi kubwa kwapani.

"Nimekukumbuka kwa sauti," alisema. "Ulikuja kwetu Agosti. Ulivaa viatu vyeupe kwa matope."

"Na wewe ulikuja kuomba chumvi," Nerima akamjibu. "Ukasahau kwenu ni wapi."

Cheptanui alicheka kidogo, bila chuki, na jambo hilo likamuudhi Nerima kuliko matusi. Alieleza kwamba Mama Jeruto ndiye aliyemtuma, maana miguu yake siku hizi haimruhusu kusafiri. Alikuwa amemsindikiza Kiprugut kwa daktari mara nne sasa.

"Na fomu? Pia ni mama alikutuma uandike mchumba?"

"Alikuwa anapimwa uzito. Karani aliuliza, mtu lazima aandike kitu." Cheptanui alihamisha thamosi kwapa la pili. "Dada, kama ungekuwa hapo, ungeandika wewe."

Nerima akasema majibu ya slaidi ni kesho, ya kipande cha mfupa ni siku kumi, kwa kuwa mfupa lazima ulainishwe kwanza ndipo ukatwe.

"Lakini wewe unaweza kuona hata leo."

"Nikiona sitakuambia."

"Sijauliza kama utaniambia," Cheptanui alisema. "Nimeuliza kama utaona."

Alipoondoka, Nerima alizitumbukiza slaidi kwenye spiriti ili zisiharibike. Kilichobaki kilikuwa kuzipaka rangi. Robo saa ya rangi, dakika chache za kukauka, kisha hadubini. Ndani ya nusu saa angejua. Cheptanui alikuwa na miezi miwili ya kushika mkono, safari nne, na ile fomu yenye neno lake. Lakini jina la ugonjwa Nerima angelipata kabla yake, kabla ya Mama Jeruto, kabla ya Kiprugut mwenyewe. Angekuwa wa kwanza kwa jambo moja. Aliona aibu kulifikiria, ila hakuacha kulifikiria. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye chupa ya rangi.

Kabla hajaifungua, alichukua kile kioo cha kwanza, cha lile tone alilolikataa, akakiinua dirishani. Nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima Menengai na mwanga ulikuwa mweupe, mzuri wa kuonea. Alikiinamisha kushoto, kisha kulia.

Chembe zilikuwepo. Mbili. Labda tatu.

*

Alimkuta Kiprugut peke yake, amelala chali juu ya bandeji ili uzito wake uzuie damu. Cheptanui alikuwa nje akizungumza na mama kwa simu. Nerima alivuta kiti, akakiweka mbali kidogo na kitanda.

"Jumanne si ni off yako?" Kiprugut alisema.

"Nilibadilishana na Sitati. Ameitwa shuleni kwa binti yake."

"Sitati." Alilitamka kama mtu anayetaja mwizi wa mbuzi. "Wiki tatu napanga hii kitu. Nimehesabu siku, nimedanganya boss, nimedanganya wewe. Kumbe Sitati ana mtoto shuleni."

"Usinichekeshe, Rugut. Sijakuja kucheka."

Karibu hivi Kiprugut alionekana mwembamba kuliko Ijumaa iliyopita, au pengine Ijumaa hakumtazama. Nerima alisema maneno aliyokuwa ameyapanga njiani, na yote yakatoka vingine.

"Ameketi na wewe kwa daktari mara nne. Anajua dawa zako. Anajua ukiumwa unanyamazishwa na neno gani. Yeye umempa ugonjwa wako, mimi ukanipa bomba."

"Sikumpa. Mama alimwambia."

"Na mimi nani angeniambia?"

Kiprugut akaeleza polepole, kwa sababu kila pumzi ilimvuta kwenye kidonda. Mama yake, alisema, akimtazama sasa huanza kulia kabla hajamsalimu. Kazini wamemtoa kwenye visima wakampeleka stoo, akaandike vifaa, na vijana aliowafundisha wanamwita mzee na kumbebea begi. Cheptanui ni mtu mzuri, hana ubaya, lakini humshika kama kikombe chenye ufa.

"Nikikuja kwako Ijumaa," alisema, "unaniambia nitoe viatu mlangoni na nimenye viazi. Unaniambia nimemenya vibaya. Nerima, hakuna mtu mwingine ananiambia nimenye viazi."

Nerima alitazama mikono yake.

"Nilijua kama ni kupimwa hapa, wewe ndiye utasoma. Na wewe hujui kuficha. Ukiona kitu kwa hiyo mashine, mimi nitajua kabla hujafika mlangoni. Nilitaka uso mmoja tu ubaki vile ulikuwa."

"Kwa hivyo ukaniachia uzima peke yake."

"Si ndio kitu kizuri nilikuwa nacho?"

"Mimi sitaki kitu kizuri. Nataka vyote." Aliona sauti yake imepanda, akaishusha. "Nilipoona anakushika mkono ningefurahi kama ungekuwa umenisaliti. Hiyo ningejua nifanye nini nayo. Hii sijui."

Nerima angeweza kuondoka akiwa upande wa haki, na hakuna ambaye angejua lolote. Lakini kioo kile kilikuwa bado mezani kule maabarani, na yeye alikuwa amekiona.

"Kulikuwa na chembe," alisema.

"Wapi?"

"Kwa tone la kwanza. Mbili, labda tatu. Nilisema hakuna. Pengine zisingetosha, pengine daktari angerudia tu. Lakini sikuangalia vizuri. Nilikuwa naangalia mkono wako."

Nje mtu alisukuma toroli la chai, vikombe vikagongana mpaka mwisho wa ukumbi.

"Iliuma, Nerima," Kiprugut alisema.

"Najua."

"Hujui."

Kiprugut hakumwambia yamekwisha. Alisogeza tu mkono wake mpaka ukingoni mwa kitanda, akauacha pale, kiganja juu. Nerima aliutazama. Kisha akainuka akaenda kumtafuta daktari, kwa maana aliona hana haki ya kuushika kabla hajasema tena, mahali panapostahili.

Daktari Wanjugu alimsikiliza akiwa amesimama, kalamu mkononi. Alimuuliza mbona hakumwambia mapema kwamba mgonjwa ni mtu wake. Nerima akasema hakujua mpaka alipoliona kovu, na kovu alilionea pale pale, sindano ikiwa ndani ya mfupa. Daktari akaomba kile kioo, akakiinua kwenye taa.

"Chembe mbili hazitoshi," alisema. "Ningevuta tena hata hivyo."

Nerima akanyoosha mkono kukichukua kioo. Daktari hakuwa amemaliza.

"Lakini ungeniambia ni mbili. Wewe uliniambia hakuna. Mbili ni mbili." Akamrudishia kioo. "Kazi hii usiiguse tena. Sitati atapaka rangi kesho asubuhi, mimi nitasoma. Na huyu asisafiri leo, barabara ya Olenguruone itamfungua kidonda. Alale hapa mjini, kesho saa tatu nione bandeji."

*

Cheptanui alikuwa amekwisha kupanga. Shangazi yake alikaa Njoro, si mbali, na kitanda kilikuwa kimetandikwa. Aliyasema hayo akimsaidia Kiprugut kuvaa koti, na Nerima, aliyesimama mlangoni, aliuona mkono ule wenye kucha za zambarau ukinyoosha kola. Wivu ukampanda upya, kana kwamba hapakuwa na mazungumzo yoyote. Mwenye kuchagua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anatafuta kiatu chake cha kushoto kwa mguu.

"Mwambie shangazi asante," Kiprugut alisema. "Leo nitaenda kumenya viazi."

Cheptanui hakuelewa viazi, lakini alielewa. Kola aliimaliza, akaipigapiga ikalala. Kisha akachukua thamosi, akaja nayo mpaka mlangoni na kumpa Nerima.

"Ni maziwa ya mama yake. Usichemshe, yataharibika." Alisita. "Mama ameniuliza kwa simu, huyo msichana wa Nakuru si ndiye anajua mambo ya damu? Amesema umwambie mwanawe atapona."

"Mwambie sijui bado."

"Nitamwambia hivyo." Cheptanui alifunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, mpaka juu. "Ile fomu, kesho utaandika wewe. Lakini dada, ukichoka, sisi bado ni majirani. Chumvi yetu huisha kila siku."

Nerima alikiri moyoni kwamba lilikuwa jibu zuri, na kwamba angelikumbuka kwa ubaya muda mrefu.

Alirudi maabarani kufunga. Slaidi sita zilikuwa zimekauka kwenye kisanduku chao, nyeupe, hazijapakwa rangi. Kando yake kile kioo cha saba, nacho alikiwekea namba kama vingine, akaandika: chembe mbili. Ndani ya kichupa njiti ya mfupa ilikuwa imezama chini, imetulia, ikingoja siku zake. Alimwandikia Sitati karatasi kwamba kazi ya namba hii ni yake tangu mwanzo hadi mwisho, asimwite kuangalia hata akimwona amesimama mlangoni. Chupa ya rangi aliirudisha juu ya rafu, akaisukuma nyuma mpaka ikagusa ukuta. Akaivisha hadubini kifuniko chake.

Kiprugut alikuwa ameegemea ukuta karibu na lango, mkono mmoja nyuma kwenye nyonga. Jua la saa kumi na moja lilimpiga usoni, akalazimika kufinya macho kumwona.

"Umeangalia?" aliuliza.

"Sijaangalia."

Akamtazama. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye macho, akakaa hapo, akashuka mdomoni, taratibu, kama fundi anayepapasa bomba akitafuta mahali mvuke unapovuja. Nerima aliuacha uso wake wazi. Hapakuwa na kitu cha kuficha ndani yake, isipokuwa wivu, na huo ulikuwa nje kwa kila mtu kuuona.

"Viazi ni vingapi?" Kiprugut akasema.

"Saba. Na leo umenye vizuri."

Ndipo Nerima akaushika ule mkono.